Msimu wa Mapipa Machachu

Juni 4

Shemeji, mwenye kiwanda, amenipa daftari. Anataka niandike kila pipa: lilijazwa lini, limetiwa hamira kiasi gani, limetoa lita ngapi. "Shemeji, kichwa chako ni kizuri, lakini wengine hatuwezi kukisoma," ameniambia. Basi mapipa nimeyaweka kurasa za mbele. Huku nyuma nitaandika nitakacho, maana kurasa ni nyingi na mimi nina maneno.

Kazi yenyewe ni hii. Miwa inakamuliwa kwenye kinu, maji yake yanamiminwa kwenye mapipa, mimi natia hamira. Hamira inakula sukari siku tatu na kuacha kileo. Pipa likienda vizuri tunasema limeumuka. Likiharibika likawa kama siki, tunasema limechacha. Lililoumuka linakwenda kwa Fundi Moto, anayelichemsha kwenye mtambo na kuukinga mvuke ukishapoa, tone kwa tone, mpaka apate spiriti ya kuwashia majiko. Si ya kunywa. Tunatia dawa chungu makusudi. Mwaka jana mlevi mmoja hakuamini, akaonja, akatema mate siku mbili.

Mteja wetu ni mmoja tu, hospitali. Majiko yao yote sasa yanakula spiriti, ya jikoni na ya kuchemshia vyombo vya waganga. Wanataka lita mia tatu kila wiki mpaka mvua zianze. Tukikosa wiki tatu wanarudi kwenye makaa, na sisi watu kumi na mmoja tunarudi nyumbani.

Juni 5

Mapipa manne. Baridi.

Juni 8

Yale manne yameumuka vizuri mno. Ukiweka sikio juu ya kifuniko unasikia kama mvua nyepesi juu ya bati. Fundi Moto ametoa lita kumi na sita, kumi na saba, kumi na sita, kumi na saba. Nilipita katikati ya banda nimevimba kichwa, na nimeandika hapa ili nisijifanye sikuvimba.

Kiwanda hiki alikianzisha marehemu mume wangu na mdogo wake. Marehemu alipoondoka, kinu kikabaki cha Shemeji, mtambo wa Shemeji, banda la Shemeji. Mimi nikabaki na hamira. Hakuna anayeigusa ila mimi. Watu wananiita Mama Hamira, hata fundi viatu wa njia panda hajui jina langu jingine.

Juni 15

Hamira ya pakiti inatoka mbali na inachelewa, kwa hiyo natunza ya kwangu. Nachota mashapo chini ya pipa lililoumuka vizuri, natia kwenye ndoo, nayalisha maji ya miwa, na kesho yake ile ndoo ndiyo inayoanzisha mapipa mapya. Ni kama kumega donge la jana ukaumulia la leo. Baridi ikizidi ndoo inalala, haifanyi kazi. Kwa hiyo jioni naibeba mpaka nyumbani, naiweka pembeni ya jiko, naifunika blanketi. Fundi Moto anasema nimezaa uzeeni.

Juni 16

Miwa ilichelewa. Tumepiga soga.

Juni 21

Niandike kuhusu Mama Pacha, maana huyu ndiye ninayekaa naye siku nzima. Ni muosha mapipa. Ni jirani yangu pia, nyumba yake na yangu zinatazamana, na bomba la maji ni letu sote. Analea pacha wake peke yake, wote wawili wako darasa la sita, na kazi hii ndiyo inayowaweka shuleni. Hana maneno mengi. Anaingiza nusu ya mwili ndani ya pipa na burashi yake, unaona miguu tu. Leo nimemwambia, "Jirani, siku moja tutakufunika humo tukuumue." Akajibu kutoka ndani, "Nitatoa lita ngapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Juni 27

Mama amehamia kwangu. Tumbo linamsumbua na daktari amemwambia anywe maziwa mgando kila siku. Ananiambia ya dukani ni maji yaliyopakwa chokaa. Kwa hiyo nayagandisha mwenyewe, hapo hapo pembeni ya jiko, penye joto. Nyumba sasa ina wagonjwa wawili waliofunikwa blanketi, maziwa na hamira, na wa tatu ndiye anayetoa amri.

Julai 2

Lita 310 zimekwenda hospitali. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Julai 6

Pipa moja limechacha. Hutokea.

Julai 9

Matatu. Nilifunua kifuniko harufu ikanipiga puani. Juu hakuna povu, kuna utando tu. Fundi Moto amechemsha hivyo hivyo, akapata lita tisa, saba, tisa. Ameniangalia, nami nikamwangalia Mama Pacha.

Julai 10

Mama anasema maziwa yangu yana povu siku hizi. Nimemwambia ni mdomo wa mgonjwa.

Julai 13

Manne. Wiki hii tumepeleka lita 240. Mtu wa stoo wa hospitali hakufoka. Alipima, akaandika, akasema, "Hiyo ni moja." Afadhali angefoka.

Shemeji ametuita mimi na Fundi Moto ofisini, yaani kwenye chumba kidogo chenye meza nyuma ya gunia la chokaa. Aliuliza swali moja, "Tatizo liko wapi?"

Fundi Moto alisema moto ni ule ule na mtambo ni ule ule. Mimi nilisema hamira ni ile ile. Nilisema zaidi. Nilisema hamira yangu haijawahi kuchachisha pipa hata moja miaka saba, na kwamba kikichacha kitu, mtu atazame chombo. Shemeji akasema, "Unamaanisha mapipa hayaoshwi?" Nikasema, "Mimi sijasema hivyo." Lakini nilikuwa nimeshasema, na wote watatu tulijua.

Julai 14

Nimesimama nyuma ya Mama Pacha akiosha. Akaniuliza, "Kuna nini, jirani?" Nikasema natazama tu. Akaendelea kusugua. Aliosha vizuri. Nikajiambia anaosha vizuri kwa sababu nimesimama.

Julai 16

Manne tena. Shemeji alitoka ofisini mbele ya watu wote akaniuliza kwa sauti, "Mama Hamira, nijibu moja kwa moja. Ni hamira au ni mapipa?"

Watu kumi walikuwa wanatazama mdomo wangu. Mama Pacha alikuwa ameshika burashi, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Nikasema, "Ni mapipa."

Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa najiuliza tu, wakisema ni hamira, mimi hapa nitakuwa nani.

Julai 17

Shemeji amemwachisha kazi. Mama Pacha hakulia wala hakubishana. Aliuliza tu kama burashi ni ya kiwanda au ni yake, maana aliinunua mwenyewe. Shemeji akasema aichukue. Alipopita mbele yangu nilikuwa nachungulia ndani ya ndoo ambayo haikuwa na kitu cha kuchungulia.

Julai 18

Bombani asubuhi. Nimemsalimu, akaitika. Hakuuliza habari za Mama.

Julai 20

Sasa anayeosha mapipa ni Fundi Moto, na kila pipa linaoshwa pamoja na matusi. Ila anaosha kweli. Anamimina maji yanayochemka, mvuke unapanda mpaka darini.

Julai 24

Pakiti za hamira zilifika siku nne zilizopita, wiki tatu baada ya kuagizwa. Nimeanzisha ndoo mpya. Mapipa manne ya juzi na manne ya leo yote yanaimba. Wiki yote lita 305. Shemeji ananiambia, "Umeona? Ulisema kweli." Nilifurahi sana. Naandika hivi kwa sababu niliahidi kuandika nitakacho: nilifurahi.

Julai 25

Mama Pacha anafua nguo za watu. Nimeona kamba yake imejaa mashuka yasiyo yake.

Julai 29

Baridi kali. Nimesogeza ndoo karibu zaidi na jiko. Mama ananung'unika kwamba maziwa yake yamesukumwa kama mtoto wa kambo. Nimeyarudisha. Vinakaa bega kwa bega.

Agosti 3

Mawili yamechacha.

Niliandika hivyo tu, kisha nikaweka kalamu chini. Sasa narudi. Mapipa haya aliyaosha Fundi Moto kwa maji yanayochemka. Nilikuwepo. Aliyasugua mpaka akavua shati.

Agosti 6

Matano.

Agosti 7

Lita 225. "Hiyo ni mbili," amesema mtu wa stoo. Shemeji hakula mchana. Fundi Moto amenivuta pembeni akasema polepole, na huyu si mtu wa kusema polepole, "Mama Hamira, mimi nikiosha wanasema moto. Nikichemsha wanasema kuosha. Sasa tutamsema nani?" Nikamwambia labda ni miwa. Akasema labda. Alinihurumia, nikachukia.

Agosti 9

Pacha mmoja amebaki nyumbani leo, na ni siku ya shule. Mwingine alikwenda. Nadhani wanapeana zamu ya kitu fulani, sare au viatu. Sikuuliza.

Agosti 12

Leo Mama alinikalisha chini. Alikuwa na bakuli lake la maziwa mgando mkononi, hajalinywa.

"Mwanangu, njoo unuse."

"Mama, nachelewa kazini."

"Nusa kwanza."

Nikanusa.

"Inanuka nini?"

"Maziwa."

"Nimeolewa na muoka mikate miaka thelathini," akasema. "Baba yako alikuwa anarudi nyumbani na harufu hii kwenye shati. Nakwambia tangu mwezi uliopita maziwa haya yana povu, unaniambia mdomo wangu umeharibika. Mdomo wangu mzima. Umetia hamira humu."

Nikacheka. Nikamwambia sijatia kitu, hamira iko kwenye ndoo, maziwa yako kwenye chungu, kila kimoja na mfuniko wake. Mama akanyanyua upawa uliokuwa juu ya mfuniko wa chungu. Ule upawa wa mbao ambao marehemu alinichongea.

"Huu unakorogea nini?"

"Maziwa."

"Na ndoo?"

Nakoroga ndoo kila jioni na kila asubuhi, na maziwa pia. Upawa ni mmoja. Nausuuza, naam, kwa maji ya bomba, nautikisa, basi. Mbao inanywa kila kitu. Kama hamira iliweza kupita kutoka ndoo hadi chungu ikatia povu kwenye maziwa, basi ule uchachu wa maziwa nao ulikuwa unapita kutoka chungu hadi ndoo. Na kutoka ndoo hadi kila pipa.

Nilitazama tarehe kurasa za mbele za daftari hili. Mama alikuja Juni 27. Pipa la kwanza lilichacha Julai 6. Ndoo mpya ya pakiti ilikuwa safi kama wiki mbili, kisha ikashika ugonjwa ule ule, kwa sababu muuguzi ni yule yule.

"Umesawijika," Mama akasema. "Si kwamba nimekataa kunywa. Nilitaka kujua tu."

Agosti 13

Sitaki kukurupuka mara ya pili. Nimechukua chupa tatu za maji ya miwa, nimezichemsha, nikaziacha zipoe. Ya kwanza nimetia hamira ya pakiti peke yake. Ya pili, hamira ya pakiti, nikaikoroga kwa ncha ya upawa. Ya tatu, mashapo ya ndoo. Nimezipanga dirishani.

Mapipa ya kiwandani nimeyaanzisha kwa pakiti za mwisho. Ndoo nimeimwaga, nikaianza upya, na siileti tena nyumbani. Nimeifunga kwenye magunia, nikaiacha karibu na mtambo, kwenye joto.

Agosti 14

Chupa zote zinatoa povu. Nilianza kupata matumaini. Ya aibu, lakini matumaini.

Agosti 16

Ya kwanza safi. Ya pili chachu. Ya tatu siki kabisa.

Agosti 17

Nilimwambia Shemeji. Nilimwekea chupa tatu mezani, anuse. Alinusa, akafunga mlango, ambao kwa kawaida haufungwi kwa sababu bawaba moja imekufa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama."

"Basi tuko watatu. Inatosha." Akashusha sauti. "Shemeji, nisikilize. Umelijua tatizo, umelitatua, mapipa yatapona. Tumebakiwa na nafasi moja tu hospitali. Nikisimama leo nikasema mkuu wetu wa hamira ndiye aliyeharibu mwezi mzima, yule mtu wa stoo atasikia kabla ya mchana. Msimu ujao nitampigia simu yule muosha mapipa arudi. Polepole. Bila kelele."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi chapa kazi."

Niandike ukweli wote. Nilipotoka mle ndani nilikuwa nimepata nafuu. Nilijiambia ni amri ya mwenye kiwanda.

Agosti 20

Yote manane yameumuka. Wiki yote lita 330.

Agosti 21

Bombani. Alikuwa na ndoo tatu za nguo. Sikusema.

Agosti 23

Sijasema.

Agosti 25

Lita 341. Shemeji amenunua soda, watu wakapiga makofi. Fundi Moto akatoa hotuba: "Mama Hamira, wewe ni daktari wa mapipa!" Nikanyanyua chupa yangu. Soda nikaimwaga nyuma ya banda.

Agosti 26

Mpakia miwa mmoja alisema, kwa mzaha tu, kwamba tangu yule mchafu aondoke mambo ni shwari. Watu wakacheka. Amekwishapata jina, basi: yule mchafu. Mtu aliyekuwa anaingia mzima ndani ya pipa. Jina hilo nimempa mimi, na hakuna mwingine atakayemvua.

Sijasema.

Agosti 28

Mama haniulizi kitu. Anakunywa maziwa yake, ananitazama juu ya bakuli.

Agosti 31

Nimesema.

Nilingoja saa ya chai, watu wote walipokuwa wamekaa kwenye rundo la makapi ya miwa. Nikaishika mikono pamoja kama mtu anayeomba. Nikasema, "Mnamkumbuka Mama Pacha. Mapipa yake yalikuwa safi. Mimi ndiye niliyeyachachisha. Upawa wangu wa maziwa nilikuwa nakorogea hamira. Shemeji aliniuliza mbele yenu nikasema ni mapipa. Nilisema uongo kabla ya kujua kwamba ni uongo, na nilipojua nikanyamaza wiki mbili."

Yule mpakia miwa akaanza kuchokonoa kucha. Fundi Moto aliweka kikombe chini, akasema, "Mimi niliosha mapipa mwezi mzima, mgongo huu," kisha akaanza kucheka, akacheka peke yake, akaacha.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Uso umemshuka. Aliniambia neno moja, "Haya," akaingia ndani.

Septemba 1

Nilikwenda kwake asubuhi. Hatua ishirini na mbili kutoka mlango wangu hadi wake, na mwezi na nusu sikuzipiga. Alikuwa anaanika. Sikungoja kukaribishwa, nilisema yote pale pale kati ya mashuka. Upawa, maziwa, chupa tatu, wiki mbili za kunyamaza. Nililia, na nilichukia kulia, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kulia hakuwa mimi.

Alibana shuka kwa kibanio cha mwisho.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ndoo yako ilikuwa inanuka maziwa. Tangu lile pipa la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa naisuuza ukimaliza kumimina, umesahau? Na mapipa machachu niliyaosha mimi, kichwa changu kilikuwa humo ndani. Yalinuka kama ndoo."

"Mbona hukusema? Siku ile, mbele ya Shemeji, mbona hukusema?"

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Julai.

"Jirani, ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ningeulizwa mwaka mzima nisingeweza.

"Muosha mapipa anamwambia Mama Hamira kwamba hamira yake mbovu," akasema. "Ningefukuzwa siku kumi mapema. Siku kumi ni nyingi kwa mtu mwenye pacha."

Nilimwambia kwamba Shemeji atamrudisha, nitahakikisha, hata leo. Akatikisa kichwa.

"Kuosha sirudi. Pua yangu ndiyo iliyojua, mikono ndiyo mliyoifukuza. Mkinitaka, nipeni ndoo."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake. Kisha akaokota beseni, akaingia ndani, akaniacha na mashuka.

Septemba 2

Mchana kutwa nimefikiria hiyo ndoo. Miaka saba. Nimejaribu kupata sababu ya kukataa ambayo ingeweza kusemwa kwa sauti mbele ya watu. Sikupata.

Septemba 3

Nimemwambia Shemeji ndoo apewe Mama Pacha. Alisema nimerukwa na akili, kwamba mtu hatoi hivi hivi kitu kimoja alichobaki nacho. Nikamwambia Mama Pacha ana pua kali kuliko yangu, je, yeye Shemeji anataka lita au anataka shemeji? Alifikiri kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Mtu wa stoo wa hospitali, kumbe, alikwishasikia. Alichouliza ni kama lita mia tatu za Ijumaa zipo. Zipo.

Septemba 5

Mama Pacha ameanza. Jambo la kwanza alilofanya ni kuichemsha ndoo nzima na kila kitu kinachoigusa. Watu wanamwita Mama Pacha kama zamani. Mimi bado wananiita Mama Hamira, kwa mazoea, halafu wanakohoa.

Septemba 11

Lita 352. Hatujawahi.

Septemba 14

Mawingu yameanza kukaa upande wa milimani. Miwa ya mwisho imekatwa. Bado mapipa manne ya kujaza, kisha msimu umekwisha.

Ninayeosha sasa ni mimi. Nilijua ni kazi ngumu jinsi mtu anavyojua habari ya redioni. Ukiwa ndani ya pipa husikii kitu ila pumzi zako, na chumvi ya jasho inaingia machoni, na sehemu chafu kuliko zote ni ile usiyoiona, pale chini bati linapokunjwa. Leo nimeosha manne. La nne nililisugua mpaka bega likakataa, nikaliinamisha jua liingie, nikajiona nimemaliza.

Mama Pacha alikuja na ndoo yake. Hakuimimina. Aliiweka chini, akaingiza kichwa ndani ya pipa langu, akakaa humo kama dakika nzima. Watu waliacha kazi kututazama.

Akatoa kichwa.

"Rudia," akasema.

Nikavuta pumzi, nikaingia tena.